Laini yangu ilifungwa kwa sababu ya torenti

Naandika bado nina hasira, ingawa ni wiki kadhaa zimepita. Nilikuwa napakua Debian, mfumo wa kompyuta wa bure, kwa torenti, njia ambayo Debian wenyewe wameiweka kwenye tovuti yao. Imefika kama asilimia 80, intaneti ikakata. Nikazima ruta, nikawasha, wapi. Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni ya intaneti.

"Dada, laini yako imefungwa. Umetumia programu haramu."

Haramu kwa sheria ipi? Kijana akashusha pumzi mpaka nikaisikia sikioni. "Torenti ni wizi wa filamu, dada, kila mtu anajua." Nikaanza kumweleza Debian ni nini, akanikatiza: "Wote mnasemaga hivyo hivyo."

Wote! Yaani mimi na wezi kapu moja.

BitTorrent, teknolojia yenyewe ya torenti, tangu Bram Cohen aitoe mwaka 2001, kazi yake ni kukata faili vipande vipande, na kila anayepakua anawagawia wenzake vile alivyokwisha kupata. Haijui hiki ni kipande cha filamu au cha mfumo wa kompyuta. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, wanagawa makusanyo yao kwa torenti, nao ni wezi? Hata Marekani, kwenye kesi ya Sony mwaka 1984, Mahakama ya Juu ilikataa kuifanya mashine ya kurekodi video kuwa kosa, kwa kuwa ina matumizi halali. Mwaka 2005 mahakama hiyo hiyo iliibana Grokster, kampuni ya programu ya kugawana mafaili, sawa, lakini kosa lilikuwa kuwachochea watu wavunje hakimiliki. Kijana angenipa dakika mbili tu ningemwambia yote hayo. Kampuni nyota moja, programu tano. Nilishaamua.

Jioni nikasoma barua pepe yao kwenye simu. Faili lililolalamikiwa halikuwa Debian. Ni filamu, na saa iliyoandikwa ni usiku wa manane, nimelala. Nikafungua programu, nikashuka hadi chini ya orodha. Ipo. Imekamilika asilimia 100, na mshale wa kupakia bado unawaka.

Mdogo wangu. "Dada, mimi niliiangalia mara moja tu, nikafunga dirisha." Kufunga dirisha! Programu yenyewe ilibaki imejificha kwenye kona ya skrini, inawagawia filamu watu nisiowajua, na anwani yangu ya IP, namba inayoitambulisha laini yangu mtandaoni, iko wazi kwa kila aliyejiunga kupakua faili lile. Hivyo ndivyo wenye filamu walivyonipata. Kuipakua lilikuwa kosa tayari, lakini huku kuigawa usiku kucha hakuna aliyemwambia, na mimi niliyeiweka programu sikumwambia.

Kwa hiyo nyota tano nazirudisha. Programu ni halali, hapo sibanduki, ila inamgeuza mtu msambazaji kimya kimya, na mpangilio wa kusitisha kugawa umefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Nyota tatu. Labda mbili.

Kampuni nayo, kumbe malalamiko yao yalikuwa ya kweli, na nimewaandikia kuomba radhi kwa ile filamu. Laini wameirudisha. Lakini kijana yule alikuwa na jina la faili mbele yake muda wote, angelitaja tu. Nimeuliza mara mbili kama kauli yake ndiyo kauli ya kampuni, kwamba torenti yote ni haramu. Sijajibiwa. Debian imemalizika, nayo naigawa mchana na usiku.