TAHADHARI: Kuna jamaa anauza Nikon D750 za mtumba hapa Dar, picha za sampuli anazokutumia sio za kamera anayokupa

Wakuu kuna jamaa yupo Insta na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapiga picha hapa Dar, anauza kamera za mtumba, hasa Nikon D750 na lenzi ya 50mm f/1.8, milioni moja na laki mbili, anakwambia mzigo umetoka Dubai na shata (lile pazia la ndani linalofunguka na kujifunga kila ukipiga picha) ina kliki elfu 18 tu, yaani imepiga picha elfu 18. Akaunti siitaji maana anaibadilisha jina kila mara na suala liko polisi, ila mchezo wake nauweka wote hapa.

Kapigwa dogo mmoja ambaye huwa tunapiga wote harusi na sendofu. Jamaa mjanja, hakumtumia vile vipicha vya WhatsApp vilivyobanwa, alimpa linki ya Drive yenye picha orijino kabisa, bibi harusi kavaa gauni la kijani kakaa kwenye ngazi, jicho kali balaa na nyuma kumeyeyuka vizuri, dogo akapagawa. Wakakutana jioni kwenye kituo cha mafuta giza linaingia, kamera ikawashwa, zikapigwa picha mbili tatu zikaangaliwa kwenye kioo kile cha nyuma, hela ikarushwa kwa simu, jamaa huyooo kwenye bodaboda.

Akaniletea nimwangalizie kwenye laptopu. Nikafungua zile sampuli kwa NX Studio, ni programu ya Nikon wenyewe, ya bure, imetoka 2021, na uzuri wake inakuonyesha fokasi pointi, yaani kale kaboksi kanakokwambia kamera ilishikia wapi pale ulipobonyeza. Kaboksi kako kwenye jicho, safi kabisa. Sasa njoo pembeni kwenye data, yale maelezo kamera inayoyaandika yenyewe ndani ya faili: apacha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga, namba ikiwa ndogo ndo limefunguka zaidi) 1.4! Lenzi aliyouziwa ni ya 1.8, haifunguki zaidi ya hapo, kuandika 1.4 haiwezi hata uipeleke kwa mganga, na urefu wa lenzi umeandikwa 85mm. Nikaangalia siriali namba ya bodi iliyoandikwa ndani ya faili, nikaigeuza kamera ya dogo nikalinganisha na namba iliyo chini yake, ni vitu viwili tofauti. Kwahiyo picha zimepigwa na D750 kweli, ila D750 ya mtu mwingine na lenzi ya mtu mwingine, na huyo mwenye picha sidhani hata kama anajua kazi yake ndo inauzia watu mabovu.

Tukapiga picha sasa kwa ile kamera yenyewe aliyouziwa. Kamera za Nikon huwa zinaandika idadi ya kliki ndani ya kila faili, ukitumia ExifTool ya Phil Harvey (bure pia, ipo tangu 2003) unaisoma. Sio elfu 18, ni laki moja na elfu 63, na Nikon wenyewe shata ya D750 waliijaribu kwa kliki laki moja na nusu. Haimaanishi inakufa kesho, zipo zinazoenda mbele sana, ila bei ya kamera yenye kliki elfu 18 na bei ya yenye kliki laki na sitini haziwezi kuwa moja.

Fokasi nayo imetoka. Niliweka kamera kwenye stendi, dogo kakaa, nikashikia jicho bila kuisogeza kamera, kwenye NX Studio kaboksi kako juu ya jicho lakini kilicho kali ni sikio. Hapo kamera inaamini imeshika, lenzi inatua nyuma. Kwenye menyu kuna sehemu ya kurekebisha fokasi ya lenzi, inasaidia kidogo. Angalizo tu, wale mnaoshikia jicho halafu mnazungusha kamera kupanga fremu, kaboksi kwenu kataonekana kako shavuni au ukutani, usije ukamgombeza muuzaji wa watu kwa hilo.

Kubwa kuliko yote ni shata. Tulipiga picha ukuta mweupe kwa manuali tukipandisha spidi ya shata, 1/250 ya sekunde iko poa, 1/1000 poa, kufika 1/4000 juu ya picha kuna utepe mweusi. Na data inasema vizuri tu 1/4000, kwasababu ile data inaandika kamera ilichoamriwa, haiandiki kilichotokea kweli. Hapa ndo wengi wanaachwa, wanaona namba zimenyooka wanadhani kamera nzima. Hata apacha ni hivyohivyo, piga kadhaa mfululizo kwa f/11 bila kubadili chochote, data zikifanana ila moja imeungua na nyingine giza ujue mabawa ya lenzi, yale yanayofungua na kubana apacha, yanagoma. Na hizi D750 zina historia, mwaka 2015 Nikon walitangaza kwamba baadhi ya za mwanzo shata yake inaweza kuacha kivuli kwenye picha, wakawa wanatengeneza bure na wakaweka ukurasa wa kucheki siriali namba. Kwahiyo icheki namba kabla hujatoa hata mia.

Ukiwa unanunua, kwa jamaa huyu au mwingine yeyote, mwambie atume faili kama dokyumenti, maana WhatsApp ukituma kama picha inafuta data yote. Omba NEF ikiwezekana, yaani faili ghafi la Nikon ambalo halijapikwa. Ikiwa ni JPEG na kwenye data sehemu ya programu imeandikwa Lightroom au Photoshop, ambazo ni programu za kuhariri picha, ujue imeshapikwa, na fokasi pointi mara nyingi inakuwa imepotea hukohuko. Watu wa Canon mnayo Digital Photo Professional, fokasi pointi inaonyesha, ila kliki kwa Canon nyingi hazimo kwenye faili, mpaka uchomeke kamera na waya.

Halafu data inabadilishika, hiyohiyo ExifTool inasoma na kuandika, kwahiyo sampuli za muuzaji usizitegemee hata zikiwa safi. Nenda na memori kadi yako na laptopu, mchana, upige mwenyewe ufungue palepale. Akianza ooh nina haraka, ooh kuna mteja mwingine anasubiri, mwache aende kwa huyo mteja.

Kama na wewe umelizwa na huyu mtu, dogo ameshachukua RB (namba ya taarifa ya polisi) na polisi wanasema walalamikaji wakiwa wengi itakuwa rahisi, njoo inboksi nikuunganishe naye. Chati usifute, na zile sampuli zake ziache zilivyo, usizipitishe programu yoyote ukazisevu upya maana siriali namba ya ndani ndo ushahidi wenyewe.