Miaka miwili na hita ya maji ya pampu ya joto: uzoefu wangu

Hita yetu ya zamani iliuawa na kutu. Lilikuwa tangi la lita 150 lenye elementi ya kilowati 3, la kawaida kabisa, na lilitutumikia miaka 9 kabla ya kuanza kuvuja chini. Fundi bomba alipolishusha na kulimwaga, chokaa ilitoka kama kokoto. Ilikuwa imeifunika elementi hadi nusu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimefunga mita ndogo kwenye waya wake, kwa hiyo nilijua linakula kiasi gani: uniti 8 hadi 9 kwa siku, nyumba ya watu watano. Hakuna kifaa kingine chetu kilichokaribia hapo, hata friji na pasi ukizijumlisha. Nilipoiona ile kokoto nikasema sinunui tena tangi la aina hiyo.

Nikachagua hita ya pampu ya joto, lita 200, ile ambayo kompresa na feni vimekaa juu ya tangi lenyewe. Sasa ina miaka miwili na miezi mitatu. Naandika kwa sababu wakati natafuta habari zake nilikuta maneno ya wauzaji tu, na makosa mawili niliyoyafanya nisingeyafanya kama mtumiaji mwenzangu angenitangulia kuyaeleza.

Jinsi inavyofanya kazi nilielezwa na fundi friji aliyekuja kuifunga. Aliniambia, "Hebu shika nyuma ya friji yako." Nikashika, pamoto. "Joto hilo limetoka kwenye maziwa na mboga zilizomo ndani. Hii nayo ni friji. Kinachopozwa ni hewa ya chumba, na ule mgongo wa moto umezungushwa kwenye tangi la maji." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Ndani ya koili, yaani bomba jembamba lililozungushwa, kuna gesi, kwenye yangu ni R290, yaani propeni. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hata hewa unayoiona ya baridi kwako, kwake ni jiko. Inachemka mbele ya feni na kunyonya joto la hewa, kompresa inaibana mpaka inakuwa ya moto kuliko maji, inazunguka tangi na kuliachia joto hilo, inarudi kuwa majimaji, inapita kwenye valvu nyembamba na kupoa, halafu inaanza upya. Umeme unalipia kuhamisha joto tu. Wazo lenyewe si geni: William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na miaka michache baadaye Peter von Rittinger wa Austria alijenga mtambo wa namna hiyo wa kuchemshia maji ya chumvi kwenye kiwanda cha chumvi.

Sasa tuje kwenye mita, maana ndiyo iliyonifanya niamini. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.19 hivi. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600, kwa hiyo lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 ni uniti 8.1, na elementi haiwezi kutumia chini ya hapo hata ingekuwa mpya namna gani, kwa sababu yenyewe inageuza umeme kuwa joto na hakuna zaidi. Siku moja nilimwaga tangi lote, nikalijaza maji ya baridi ya nyuzi 20, nikawasha mashine na kukaa karibu nayo na daftari. Ilifika 55 baada ya saa 5 na dakika chache. Mita ilisoma uniti 2.6. Zile tano na nusu zilizobaki zilitoka kwenye hewa. Nililirudia jaribio hilo msimu wa baridi, maji yakiwa nyuzi 14 na hewa 11, ikala uniti 4 kasoro kidogo na ikahitaji zaidi ya saa 7. Kwa hiyo inashuka kukiwa na baridi, na anayekuambia matumizi ni yale yale mwaka mzima hajaipima.

Lakini wiki ya kwanza haikuwa hivyo hata kidogo. Nilikuwa naona uniti 6 kwa siku na nilikaribia kumpigia fundi simu nimwambie mashine ni mbovu. Shida ilikuwa kwenye mpangilio. Hita hizi nyingi zina elementi ya akiba ndani, na yangu ilikuja kutoka kiwandani ikiwa kwenye hali ya mseto: mtu akioga kwa muda mrefu kidogo na maji ya juu yakashuka joto, elementi inajiwasha ili isaidie. Inasaidia kweli, ila inasaidia kwa bei ya hita ile ile niliyoitupa. Nikaihamisha kwenye hali ya pampu peke yake, na kuanzia siku hiyo nikaanza kuona uniti 2.8, 3, 2.7. Ukiifunga yako, kabla fundi hajaondoka mwombe akuonyeshe hali hizo moja moja na uhakikishe umeiacha kwenye ipi.

Kosa la pili lilikuwa la mahali, na hili liligharimu nguvu zaidi. Tangi la zamani lilikaa kwenye kichumba kidogo nyuma ya bafu, mita za ujazo 6 hivi ukikifunga. Mabomba yapo, umeme upo, nikaona hakuna haja ya kufikiri. Hita ya elementi haijali imekaa wapi. Unaweza kuifungia kabatini. Hii inapumua. Inavuta hewa, inaitoa joto, inaitema ikiwa baridi, na kichumba kikiwa kidogo inaanza kuivuta tena hewa ile ile iliyokwisha kuipoza. Nilining'iniza kipimajoto ukutani: ilianza na nyuzi 22, baada ya saa 2 ikawa 13, baada ya saa 4 ilikuwa 9 na koili imeanza kushika barafu, mashine ikawa inasimama kila mara ili iiyeyushe. Kitabu chake kilikuwa kimeandika wazi kwamba kinatakiwa chumba cha mita za ujazo 20 au zaidi, la sivyo hewa iletwe na kutolewa kwa mabomba. Nilikuwa nimeuruka ukurasa huo.

Tuliishia kutoboa ukuta na kupitisha mabomba mawili mapana, la kuingiza na la kutoa. Yaweke mbali mbali huko nje, maana yakikaribiana unarudi kwenye shida ile ile. Na kwa kuwa gesi yake inashika moto, na ni nzito kuliko hewa kwa hiyo ikivuja inatulia sakafuni, hakikisha hakuna jiko wala mwali wowote jirani yake. Kiasi chenyewe ni kidogo, kibandiko cha yangu kinasema gramu 150, lakini asiiguse fundi ambaye hajazoea gesi za aina hiyo. Niliichagua kwa makusudi. R134a, gesi nyingine iliyotumika sana kwenye hita hizi, kilo 1 ikitoroka hupasha dunia sawasawa na zaidi ya kilo 1,400 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Sikutaka kupunguza umeme upande huu halafu nikaacha madhara upande wa pili.

Kelele zipo. Ni mvumo wa chini, kama wa friji kubwa yenye feni ndani yake. Mama yangu, ambaye chumba chake kinapakana na ukuta ule, aliniambia asubuhi ya tatu, "Mwanangu, kile kitu kinaunguruma mpaka alfajiri." Nikaweka vipande vya mpira mzito chini ya miguu ya mashine na kuipangia saa ianze saa 4 asubuhi imalize mchana. Mama hakulalamika tena, na zaidi ya hapo nikapata faida ambayo sikuitegemea: mchana hewa ni ya joto zaidi, kwa hiyo mashine inafanya kazi nyepesi. Tangi lina sponji nene, usiku mzima maji hupoteza nyuzi 2 au 3 tu.

Jambo ambalo halibadiliki kwa mpangilio wowote ni mwendo wake. Ni ya polepole. Tukiwa watano na kila mtu anaoga kwa kiasi, maji yanatosha na kubaki. Walipokuja wageni wanne, wa saba kuoga alipata vuguvugu na wa nane alipata baridi, na hapo unasubiri saa kadhaa. Kwa siku kama hizo nawasha ule mseto, nikishamaliza naurudisha. Mtu anayetaka maji ya moto ndani ya dakika kumi baada ya kuingia nyumbani, au anayeoga peke yake siku moja moja, sioni kama hii inamfaa. Wala wa nyumba ya vyumba viwili isiyo na sehemu ya kutolea hewa.

Kuhusu joto la maji, nimeona watu wanaipangia nyuzi 45 ili waokoe zaidi. Msifanye hivyo. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa mbaya ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, hasa yanayotulia kwenye tangi, na huingia mwilini kwa kuvuta ule mvuke wa matone ya shawa. Kwenye nyuzi 60 hufa. Mimi naiacha kwenye 55, na mara moja kwa wiki inapandisha yenyewe mpaka 65 kwa kutumia elementi. Siku hiyo mita inapanda kidogo na sijutii. Ila maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, kwa hiyo fundi aliweka valvu ya kuchanganyia pale bomba linapotoka kwenye tangi, bafuni yanafika maji ya nyuzi 45. Kama una mtoto au mzee nyumbani, usikubali kufungiwa bila hiyo.

Matunzo ni zaidi ya hita ya zamani, ambayo kwa kweli hatukuitunza ndiyo maana ilikufa. Chujio la hewa naliosha kila baada ya miezi miwili. Mashine hutoa maji, unyevu wa hewa unaogeuka kuwa maji kwenye koili na kudondoka, na siku za unyevu mwingi najaza ndoo ndogo. Ule mpira wa kuyatolea uliziba mara moja kwa utelezi na sakafu ikalowa, tangu hapo naupitisha maji ya moto kila mwezi. Valvu ya usalama nainyanyua mkono wake mara mbili kwa mwaka nione inamwaga na kufunga. Ikidondosha matone wakati tangi linapashwa usiizibe, maji yakipata joto hutanuka na lazima yapate pa kutokea.

Na kuna kile kijiti cha magnesiamu kinachosimama ndani ya tangi ili kuliwa na kutu badala ya chuma cha tangi. Tangi la zamani nalo lilikuwa nacho, sikuwahi kuambiwa. Nilikifungua cha hili jipya mwezi wa 18: kimeliwa zaidi ya nusu, sehemu nyingine imebaki waya mtupu. Nimeshanunua kingine, nitakibadilisha kabla mwezi huu haujaisha, na tarehe nimeiandika kwa wino kwenye ubavu wa tangi.