TAHADHARI: kuna muuzaji anauza pawa za kumiminia risasi kwa jina la chuma, kumbe ni zinki iliyopakwa rangi

Wakuu, kwa wale mnaoyeyusha risasi (ile metali), iwe ni kwa ajili ya chubwi za kuvulia au mnageuza mabaki tu kuwa mikuo (vipande vya kumimina) ya kutunza, kuna jamaa mtandaoni anazungusha pawa anazoziita "chuma cha kusubu, kazi nzito" na kwenye bakuli hamna chuma hata kidogo, ni aloi ya zinki imepigwa rangi nyeusi. Jina la duka siliweki maana linabadilika, leo akaunti hii kesho nyingine ila picha ni zilezile na maneno ni yaleyale, bora mjue mtindo wake.

Picha ya tangazo ni ya upawa wa kweli kabisa, kijivu, umekwaruza, mdomo pande zote mbili. Ulionifikia mimi ni mweusi tii, laini, unang'aa, na mpini umekazwa na skrubu moja. Uzito mkononi wala haukushtui, na hapo ndo kwenye ujanja, angetumia alumini ungeijua palepale kwa wepesi wake lakini zinki haijapishana sana na chuma. Nikagusisha sumaku kwenye mpini, ikanasa vizuri tu. Nikaishusha kwenye bakuli, ikateleza ikaanguka chini. Yaani mpini ameweka chuma makusudi kwa sababu anajua watu wengi wanapima hapo tu wanaridhika! Nikaukwangua kwa tupa upande wa chini, rangi ikabanduka, unga ukatoka mweupe unaometa na sumaku haiokoti hata chembe.

Sasa kwa ambaye hajaona tatizo liko wapi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 hivi za Selsiasi, lakini hakuna anayemimina hapohapo, utaipandisha mpaka 370 au 400 ili ijaze kalibu vizuri isigande njiani. Aloi za zinki za kawaida, hizi wanazotengenezea vitasa na vigari vya watoto, zinaanza kuyeyuka kwenye 380 hivi. Kwahiyo chombo cha kuchotea kinayeyuka ndani ya kile unachokichota. Nilivaa glavu na miwani nikachovya ncha ya mdomo tu kwenye sufuria, kwanza rangi ikatoa moshi mchungu unaokaba koo, baadae kidogo mdomo wenyewe ukaanza kuinama taratibu kama mshumaa ulioachwa juani. Hapo ni ncha tu, haujabeba kitu. Risasi ni nzito, lita moja ikiwa imeyeyuka ni kilo 10 na nusu hivi, ungekuwa umejaa uko katikati ya sufuria na kalibu halafu ile skrubu iko kwenye bakuli linalolegea, mguu wako uko chini pale.

Nikamtumia picha. Jibu la kwanza, "umeuchoma moto mkali sana". Sawa, upawa wa risasi niutumie kwenye barafu? Jibu la pili ndo lililonifanya niandike huu uzi, nanukuu maana skrinshoti ninayo: "kama haukufai kwa hiyo kazi osha na maji ya moto utumie jikoni". Upawa ulioshaingia kwenye risasi! Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama, na watoto ndo wanaumia zaidi, inaenda kwenye ubongo, halafu mtu anakwambia kachotee supu. Nikaingia kwenye ukurasa wake nikakuta upawa uleule, picha nyingine, upo upande wa vyombo vya jikoni. Hizo anazorudishiwa na watu zinaishia kwenye rafu ipi jibuni wenyewe. Nilipomuuliza hilo swali akanibloki.

Chunguzeni na maoni ya wateja wake, yote ni "mzigo umefika haraka", "muuzaji mstaarabu", hakuna hata mmoja aliyeweka picha ya upawa ukiwa na risasi ndani. Na kwenye tangazo hajaandika uzito wa upawa wala ujazo wa bakuli, kaandika "saizi kubwa" basi. Muuzaji anayejua hii kazi hawezi kuacha ujazo, maana ndo kitu cha kwanza utakachomuuliza. Kilo moja ya risasi iliyoyeyuka inaingia kwenye mililita kama 94, kwahiyo kama mikuo yako ni ya kilo kilo, bakuli la mililita 100 linatosha, likijaa ni kilo moja na ushee na bado kuna mpini. La nusu lita likijaa ni zaidi ya kilo tano kwenye ncha ya mpini mrefu, mkono utatetemeka tu hata uwe na nguvu vipi.

Ukitaka kununua kwa mtu yeyote mwambie akupigie picha sumaku ikiwa imenasa KWENYE BAKULI, sio mpini, na akupe uzito kwa gramu. Chuma cha kusubu au stili nene ndo vya kutafuta, mpini uwe umechomelewa au umesubiwa pamoja na bakuli, sio skrubu, na ulehemu wa bati ndo usiuguse kabisa maana unaachia hata kabla risasi haijayeyuka. Ukikuta mpini ni bomba lililozibwa pande zote toboa tundu kabla ya kuupeleka kwenye moto, unyevu ukiwa umefungiwa humo unageuka mvuke na mvuke unachukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yake. Kwa sababu hiyohiyo hata upawa mzuri unaupasha kwanza juu ya sufuria ukauke ndo uchovye. Upawa wa bati lililopakwa zinki nao uacheni. Wanaotumia mkono wa kushoto ulizeni mdomo uko upande gani, mingi ni ya upande mmoja.

Kama ulishautumia huo wake na ukaona risasi inatengeneza uji uji juu, haitiririki, mikuo inatoka na mikunjo, hiyo ni zinki imeshaingia. Usiichanganye na risasi yako nyingine, izime, imimine peke yake na igonge alama ya Z ikiwa imeganda, kwa chubwi za kuvulia bado itafaa ila kwenye kalibu za vitu vidogo vyenye nakshi itakusumbua. Na sufuria ikwangue vizuri kabla hujaweka risasi safi.