Madaraka Express kwa Ndugu wa Bara Wanaotuonea Gere Kukaa Mombasa

Kila ukoo wa bara wenye mtu Mombasa una maneno yake. "Nyinyi mnafaidi, mnalala mkisikia mawimbi." Shangazi wa Nyahururu husema hivyo, binamu wa Kakamega husema hivyo, na anayeambiwa huenda anakaa mitaa ya Mikindani au Mishomoroni, anatoka kazini usiku na hajakanyaga mchanga wa pwani tangu Pasaka. Kumweleza mtu kwa simu hakusaidii, kwani huonekana unamficha raha. Linalosaidia ni aje, alale, abebe mtungi wa maji, aone mwenyewe. Ndiyo maana Madaraka Express, treni ya reli mpya (SGR) ya Nairobi hadi Mombasa, inapimwa hapa kwa kazi hiyo moja: kuleta jamaa pwani na kuwarudisha salama bila mwenyeji wala mgeni kufilisika.

Kwa nauli, inafaulu. Tangu Januari 2024, Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 ikonomi na 4,500 fasti klasi. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000 na 3,000. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu, na wa chini ya hapo hupakatwa bure. Baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi hulipa 4,500 kuja, yaani 9,000 kuja na kurudi. Familia hiyo hiyo ikipanda fasti klasi ni 27,000. Hiyo tofauti ya 18,000 ni afadhali iingie jikoni. Zaidi ya yote, nauli ya treni haipandi Krismasi inapokaribia, wakati za mabasi hupanda.

Fasti klasi inakuuzia nafasi tu. Viti vyake ni viwili viwili, vipana. Ikonomi ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, abiria wanatazamana magoti kwa magoti, na mgongo wa kiti umesimama wima haulali. Kwa kijana hiyo si shida. Nyanya mwenye magoti mabovu mlipieni fasti klasi pamoja na mjukuu mmoja wa kumwangalia, wengine wakae ikonomi.

Safari ni tatu. Ya saa 2 asubuhi husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na huchukua kama saa sita. Ya saa 9 alasiri ni ya haraka, huchukua saa tano na kitu. Ya saa 4 usiku hufika kama saa 9 na nusu alfajiri, na wageni huipenda kwa sababu haiwapotezei siku. Wakatazeni, hasa wakiwa na watoto au wazee. Wanateremka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, gizani, wamechoka, watoto wamelala mabegani, na hapo ndipo dereva wa teksi anapowatajia bei anayotaka. Ya asubuhi ndiyo ya familia: wanafika kama saa 8 mchana, matatu zipo tele, na njia nzima wameiona kwa mwanga.

Tiketi hukatwa kwa *639# au kwenye tovuti ya Kenya Railways. Kosa la kwanza ni kunakili vibaya nambari ya kitambulisho. Kituoni jina na nambari hulinganishwa na kitambulisho chenyewe, kwa hiyo anayewakatia watu sita aombe picha ya kila kitambulisho, asitegemee kusomewa kwa simu. Kosa la pili ni kushika nafasi halafu kuchelewa kulipa. Muda ukipita nafasi inarudi sokoni. La tatu ndilo linaloumiza mwenyeji: kukata tiketi ya kuja bila ya kurudi. Siku za mwanzo wa Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, treni hujaa. Ndugu waliokuja kwa siku tano wanajikuta wamekaa siku kumi, na unga, gesi na tokeni za stima vinaisha kwa kasi ambayo hamkuipangia. Kateni zote mbili siku moja, mara tu tarehe zinapofunguliwa.

Syokimau, kituo cha treni hii upande wa Nairobi, wafike saa nzima kabla. Kwa anayetoka katikati ya Nairobi, treni ya abiria ya kutoka stesheni ya mjini hadi Syokimau inamwepusha na foleni ya Mombasa Road. Treni kubwa haimsubiri mtu, na kuondoka kwake kwa wakati ni sifa yake nzuri kuliko zote. Langoni mizigo hupangwa chini kwa mstari, watu wanasogea nyuma, mbwa wa polisi wanainusa, kisha inapita kwenye mashine. Visu, pombe na mitungi ya gesi havipiti. Kuku hai pia hapiti, na hili waambieni mapema, maana jamaa wa kijijini haji kwa watu mikono mitupu. Kama ni kuku, achinjwe na akaangwe nyumbani. Viazi na mboga vigawanywe katika mifuko midogo, kwani rafu ya juu ni nyembamba na gunia halina pa kukaa.

Ndani mna kiyoyozi na madirisha hayafunguki, kwa hiyo mtoto awe na leso ya kujifunika. Kwa safari ya asubuhi, upande wa kulia ukielekea Mombasa ndio bora: jua huanzia kushoto, na mawingu yakikubali, Kilimanjaro huonekana kulia mnapopita maeneo ya Emali na Kibwezi. Kati ya Mtito Andei na Voi reli inakata Tsavo ikiwa juu ya tuta, na tembo wenye vumbi jekundu huonekana pande zote mbili. Sehemu hiyo peke yake inastahili nauli.

Miritini ndipo treni inapopungukiwa. Basi linakushusha Mwembe Tayari, kisiwani. Treni inakuacha nje ya mji, na bado kuna Changamwe, Kibarani na Makupa mbele yako. Matatu za mjini husubiri nje ya kituo. Mwelekezeni mgeni jina la kituo cha kushukia na nauli ya siku hiyo kabla hajapanda treni. Anayekwenda Ukunda au Diani, pwani ya kusini, asipelekwe kwenye feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia upande huo huo wa Miritini na kutokea kusini bila kugusa feri, na kwa gari lenye mizigo hiyo ndiyo njia.

Kisha wafike nyumbani, na hapo gere inaanza kupoa. Disemba ni kaskazi; mtu wa Limuru hulala na feni usoni na bado shuka linalowa. Mwambieni aache masweta, abebe nguo za pamba na poda ya watoto, kwani vipele vya joto huwatoka siku ya pili. Maji ya kisima ni ya chumvi na sabuni haitoi povu, kwa hiyo ya kunywa na ya chai hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Wageni sita wanaooga mara tatu kwa siku humaliza pipa haraka, basi jazeni kila chombo siku moja kabla. Mgeni akishabeba mitungi miwili hadi orofa ya nne, mazungumzo kuhusu raha ya Mombasa hubadilika bila mtu kubishana.

Lakini wapelekeni baharini, na muwapeleke vizuri. Wengi huvunjika moyo kwa sababu walifika maji yamekupwa, wakakuta miamba, mwani na kombe za kuwakata nyayo. Kila siku maji hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana, kwa hiyo mkijua saa ya leo mnaweza kupanga wiki nzima. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kukupwa sana. Watoto wasiachwe peke yao yanapoanza kurudi. Jomo Kenyatta Beach hujaa watu Jumapili na sikukuu, basi nendeni Jumanne asubuhi. Jioni tembeeni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, mle viazi karai na mihogo mkitazama meli zikiingia, bila gharama kubwa.

Siku ya kurudi, toka nyumbani masaa matatu kabla ya treni kama unakaa kisiwani au Nyali. Changamwe huziba bila kutoa taarifa. Zawadi zinazosafiri vizuri ni achari, mabuyu, kachiri na nazi zilizofuliwa makumbi. Samaki mbichi mwacheni, kwani barafu huyeyuka kabla ya Voi na maji yanamchuruzikia abiria wa chini. Akaangwe mkavu, apoe kabisa, ndipo afungwe kwa karatasi; akifungwa wa moto hutoa jasho na kuchacha kabla ya kufika Syokimau.