Matembezi ya asili katika bustani ya umma: yapi yanafaa, na usimame wapi

Ramani ya langoni katika bustani nyingi za umma inaonyesha waridi, okidi, nyumba ya vioo, mgahawa na vyoo. Anayetaka kuona viumbe hai hataokolewa na ramani hiyo. Wanyama na wadudu hawakai palipofyekwa na kupambwa. Wanakaa pale mtunza bustani alipolegeza mkono: nyuma ya banda la vifaa, kwenye gogo lililoachwa lioze, ukingoni mwa bwawa lenye matete, kwenye mstari ambapo nyasi fupi zinakutana na kichaka.

Hapa tunapima aina tatu za matembezi zinazopatikana katika bustani nyingi: ya kikundi chenye kiongozi, ya kujitembeza kwa ramani na simu, na ya usiku. Kipimo ni kimoja tu: yanampa mtu nafasi gani ya kukutana na kitu ambacho hakukitarajia?

Na visivyotarajiwa vinaweza kuwa vikubwa. Katika Singapore Botanic Gardens, bustani iliyoanzishwa mwaka 1859 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015, kenge wakubwa hukatiza njia za waenda kwa miguu, na fisi maji nao wameonekana kwenye mabwawa yake. Bustani ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Victoria, ina mbega weusi kwa weupe juu ya miti. Royal Botanic Garden ya Sydney ilijaa popo wala matunda hadi miti ya kale ikaanza kufa, na mwaka 2012 bustani ikawafukuza kwa kuwapigia kelele zilizorekodiwa. Viumbe hao hawakupelekwa bustanini na mtu. Walifuata maji, chakula cha mwaka mzima na mahali ambapo hakuna anayewawinda.

Tuanze na matembezi ya kikundi, kwa kuwa ndiyo yanayotangazwa zaidi. Mfumo wa kawaida ni saa mbili na watu ishirini au zaidi, na hapo ndipo yanapoharibika. Watu ishirini kwenye njia nyembamba hufanya mstari mrefu. Kiongozi anaonyesha kinyonga, na wa mwisho akifika anakuta tawi tupu au migongo ya wenzake. Kikundi kizuri ni cha watu wanane, kisizidi kumi. Umbali nao huwa mrefu kupita kiasi. Kilomita moja hadi moja na nusu kwa dakika tisini inatosha kabisa. Ukiambiwa kilomita nne, hayo ni mazoezi ya mwili. Saa ya kuanza ina uzito kuliko vyote: mara tu lango linapofunguliwa, au saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama. Adhuhuri ndege wengi hunyamaza na mijusi hujificha joto, na kundi lililolipia matembezi ya saa sita mchana litaonyeshwa miti tu.

Kabla ya kujiandikisha, uliza idadi ya watu, umbali, na kama njia inapita karibu na eneo la mboji na magogo. Swali hilo la mwisho linamtambulisha kiongozi. Anayejua kazi yake atalifurahia. Kiongozi wa kweli pia husimamisha watu hatua kumi na tano kabla ya bwawa, hugeuza majani kutazama upande wa chini, husoma vinyesi na manyoya yaliyodondoka, na akiulizwa asichokijua husema hakijui. Ukimpata huyo, matembezi ya kikundi yanashinda mengine yote. Ukimkosa, nenda peke yako.

Anayekwenda peke yake anahitaji kujua vituo. Kwa dakika tisini chagua vinne, usiongeze.

Bwawa lipewe angalau dakika ishirini. Karibia polepole, umeinama kidogo, kivuli chako kisianguke majini. Miwani ya jua yenye kioo cha kupunguza mng'ao hukuwezesha kuona ndani ya maji, na watu wachache wanaikumbuka. Kereng'ende dume ana kituo chake: ukimtimua usimfuate, subiri palepale, mara nyingi atarudi kwenye kijiti kilekile. Mdiria naye ana tawi lake, na alama yake ni madoa meupe ya kinyesi chini ya tawi hilo. Chunguza mashina ya matete sentimita chache juu ya maji. Ngozi kavu ya rangi ya udongo iliyopasuka mgongoni ni ganda la kereng'ende aliyetoka majini na kuanza kuruka. Bustani ikiwa na yungiyungi mkubwa wa jenasi Victoria, ambaye jani lake hufikia mita mbili na zaidi kwa upana, fika jioni. Ua lake hufunguka jeupe, lenye harufu na joto, huwafungia mbawakawa ndani usiku kucha, kisha hufunguka tena jioni ya pili likiwa la waridi. Aliyekuja asubuhi anakuta ua limefumba na huondoka bila kujua lililomo ndani.

Mkuyu, au mti wowote wa jamii ya mtini wenye matunda mabivu, ni kituo cha pili. Simama chini yake robo saa bila kuzungumza. Usitazame juu kwanza, sikiliza vinavyodondoka. Makombo ya tunda yakianguka sehemu moja mfululizo, kuna mlaji juu yake: hondohondo, popo aliyechelewa kulala, kima. Mitini haizai yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo muulize mtunza bustani ni upi wenye matunda wiki hiyo. Swali hilo moja lina faida kuliko ramani nzima.

Gogo lililooza lina kanuni zake. Bustani nyingi haziruhusu kugusa chochote, na hapo utii. Panaporuhusiwa, livingirishe kuelekea kwako, kamwe si kulisukuma mbele, ili gogo lenyewe libaki kati ya miguu yako na tandu, nge au nyoka aliye chini yake. Shika kwa juu, vidole visiingie chini. Tazama kwa nusu dakika, kisha lirudishe polepole. Akiwepo chura au jongoo mkubwa, msogeze kando kwa kijiti, rudisha gogo, naye ataingia mwenyewe. Kosa la kawaida ni kuliacha limepinduliwa: unyevu hukauka, na waliokuwa chini hufa au huhama.

Ukuta unaopigwa na jua la asubuhi ni wa kupita tu, dakika tano. Mijusi na vipepeo huota jua hapo kabla ya kuanza shughuli. Kipepeo mwenye baridi hawezi kuruka vizuri, ndiyo maana asubuhi unaweza kumkaribia hadi hatua moja.

Kisha kuna ishara isiyo na kituo. Ndege wadogo wa aina mbalimbali wakikusanyika mti mmoja na kupiga kelele kali bila kukoma, wamemwona bundi, nyoka au paka. Usikimbilie. Simama mbali uone midomo yao imeelekea wapi, kisha pitisha darubini hapo tawi kwa tawi. Kukutana kwingi ambako watu huita bahati kunapatikana kwa njia hii. Chini ya mti anakolala bundi utakuta vidonge vya kijivu vyenye manyoya na mifupa midogo ndani, alivyotapika baada ya kula.

Kuhusu darubini, 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi ya mbele ya milimita 42) ni bora kuliko 10x42 kwa bustani: eneo la kuona ni pana na mtikisiko wa mkono hauonekani sana. Kabla ya kununua, angalia umbali mfupi kabisa inaoweza kuonyesha picha kali. Uwe mita mbili au chini. Darubini inayoanzia mita tano haikufai kwa vipepeo.

Vibao vya miti vinastahili kusomwa vizuri kuliko watu wanavyofanya. Jina la Kilatini la maneno mawili ni jenasi na spishi. Alama ya × kati yake inaonyesha chotara. Jina lililo ndani ya alama za kunukuu za mstari mmoja ni aina iliyochaguliwa na wakulima wa maua, na aina hizo, hasa zenye petali nyingi, mara nyingi zina nekta kidogo au petali zimeziba njia ya kuifikia. Ukitaka kusubiri nyuki na ndege aitwaye chozi, kaa kwenye ua la kawaida lisilo na petali za ziada. Bustani nyingi huandika pia namba ya usajili, na mara nyingi tarakimu nne za mwanzo ni mwaka mmea ulipopokelewa.

Simu inasaidia, lakini ina mitego. Programu ya iNaturalist, inayotambua viumbe kwa picha, hupendekeza majina kwa kuzingatia mahali ulipo. Mmea wa bustanini huenda umetoka bara jingine, hivyo iruhusu ionyeshe pia spishi zisizotarajiwa karibu. Ukiweka picha ya mmea uliopandwa, weka alama kwamba umepandwa, la sivyo unapotosha kumbukumbu za mimea ya mwituni. Kwa sauti za ndege, programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell hufanya kazi bila intaneti ukishapakua kifurushi cha eneo lako nyumbani. Ichukue kama dokezo, kisha mtafute ndege mwenyewe kwa macho. Usicheze sauti ya ndege iliyorekodiwa ili kumwita. Anaacha kulisha makinda kuja kupambana na mpinzani asiyekuwepo.

Matembezi ya usiku, kama bustani inayaandaa, tunayapendekeza kwa nguvu zote, hasa baada ya mvua ya kwanza, vyura wanapoanza kulia. Kurunzi ya wastani inatosha. Kubwa mno huwapofusha wenzako na wanyama pia. Ishike kando ya jicho, usawa wa kichwa, ili mwanga urudi machoni pako: nukta ndogo zinazong'aa kwenye nyasi ni macho ya buibui wanaowinda ardhini. Kinyonga aliyelala hupauka na huonekana wazi kwenye ncha za vijiti, mahali usipoweza kumwona mchana. Shuka nyeupe yenye taa itavuta nondo wengi, ila usiku wa mbalamwezi hupunguza idadi yao sana.

Yasiyotarajiwa mengine yanahitaji tahadhari. Nyoka njiani: simama, rudi nyuma polepole, mpe nafasi ya kuondoka, watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika. Fundo la nyuki linaloning'inia tawini ni kundi linalotafuta makao na linaweza kukaa saa chache au siku kadhaa. Pita mbali, usipunge mikono. Wakikushambulia, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya jengo au gari na ufunge mlango. Usijitose majini, watakusubiri juu. Siafu: tazama chini kila unaposimama, maana hupanda miguuni kimya. Nyani na kima: chakula kifungwe ndani ya begi, na usiwaonyeshe meno wala kuwakazia macho.

Popo aliyeanguka asiguswe kwa mkono mtupu, kwa hatari ya kichaa cha mbwa. Mwite mhudumu wa bustani. Kinda lenye manyoya linalorukaruka chini kwa kawaida halijapotea, wazazi wako karibu na wanasubiri uondoke. Likiwa njiani au kuna paka, liinue uliweke kwenye tawi la kichaka kilicho karibu kabisa, kisha sogea hatua thelathini utazame. Kinda lisilo na manyoya ni jambo jingine: tafuta kiota juu ya hapo na ulirudishe. Si kweli kwamba harufu ya mkono wa mtu huwafanya wazazi walikatae.