Kioo cha bagua cha Kariakoo: kipi utundike mlangoni, kipi ukiache dukani

Kwenye maduka ya mapambo ya Kariakoo, hasa yale yanayoshusha mzigo kutoka China, utakikuta kining'inia karibu na saa za ukutani: kioo kidogo cha duara ndani ya fremu ya pembe nane, nyekundu, kijani na dhahabu, kimezungukwa na vistari vyeusi. Hicho ndicho kioo cha bagua, neno la Kichina lenye maana ya alama nane. Muuzaji atasema ni cha kufukuza mabaya, vyote ni sawa, chagua rangi tu. Si sawa hata kidogo. Viko vya aina tatu, kila kimoja na kazi yake, na kimoja kati ya hivyo ni cha hatari kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam.

Feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga makazi ambayo jina lake ni "upepo na maji", inasema nguvu iitwayo chi iingie nyumbani taratibu. Ikija mbio kwa mstari ulionyooka, au ikielekezwa na kona kali, inageuka kuwa sha, nguvu mbaya. Nyumba iliyo kwenye kichwa cha barabara ya T, mlango unaotazamana na nguzo ya umeme, kona ya ghorofa la jirani iliyoelekea kibarazani: kioo hiki ni cha hali hizo. Kama mbele ya mlango wako pako wazi, hela yako ibaki mfukoni. Na penye nafasi, mti au ua wa michongoma ndio wa kwanza. Kioo ni cha pale ambapo hata ndoo ya maua haina pa kukaa, na uswahilini hali hiyo ndiyo ya kawaida. Wala kioo hakizuii gari. Nyumba ya kichwa cha T ijengewe nguzo za zege kwanza.

Kuzitambua aina tatu hakuhitaji mtaalamu. Kishike kioo kwa urefu wa mkono, ujitazame. Ukiona uso wako wa kawaida, ni bapa: kinarudisha sha ilikotoka. Ukiona uso umekuwa mdogo na nyuma yako duka zima limeingia, kama kwenye saitimira ya daladala, kimebinuka: kinaitawanya sha pande zote. Ukijiona kichwa chini miguu juu, kimebonyea: hicho kinavuta na kumeza. Sasa hapo kwenye kubonyea. Kioo cha namna hiyo hukusanya jua mahali pamoja, na jua lililokusanywa huunguza. Kukitundika jirani na pazia, au chini ya makuti kule Kigamboni, ni kuuita moto. Kiache dukani.

Bapa nacho kina kasoro ya mji huu. Milango yetu inatazamana, hatua nne tano tu. Kwa mujibu wa feng shui yenyewe, unachokirudisha kinamwendea jirani, na jirani akikiona atasema umezindika nyumba kwa ajili yake. Ugomvi wa namna hiyo hauishi upesi. Kilichobinuka ndicho tunachokipendekeza.

Kabla ya kulipa, tazama vistari. Kuna makundi manane, kila kundi mistari mitatu, mingine mizima, mingine imekatika katikati. Juu kabisa iwepo mizima mitatu, ambayo ni mbingu, na chini kabisa iliyokatika mitatu, ardhi. Kisha chukua kundi lolote ulitazame pamoja na lile la mkabala wake, ukianza kuhesabu kutoka upande wa kioo: palipo na mzima huku, kule pawe na uliokatika. Huo ndio mpangilio wa Mbingu ya Awali, unaohusishwa na Fu Xi, mfalme wa hadithi za kale za Wachina, na ndio wa kinga. Ukikuta juu pana mzima, uliokatika, mzima, umeshika mpangilio wa Mbingu ya Baadaye, unaotumika kugawa sehemu za ndani ya nyumba. Ukikuta jozi hazikubaliani wala juu hapana mbingu, chapa imekosewa. Rudisha.

Ubora wa kazi yenyewe hautoshi kwa pwani. Vya plastiki ni vya kuepuka: kioo chake ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, ukikifuta kwa kitambaa kikavu kinachubuka. Gonga kwa kucha, kioo halisi kinalia na ni cha baridi. Cha fremu ya mbao ni bora, ila kitikise. Kikicheza, gundi haikushika, na jua la saa nane mchana litaimaliza. Ugonjwa wake mkubwa ni weusi unaotambaa kutoka ukingoni: unyevu wa masika na hewa ya chumvi hupenya nyuma na kula rangi ya fedha. Dawa ni kupaka silikoni kuzunguka kioo, mbele na nyuma, na vanishi mkono mara mbili kwenye mbao, nyuma pia, kabla ya kutundika. Kijitanzi cha kuning'inizia king'oe kabisa, maana chuma chake hushika kutu upesi. Weka skrubu ya chuma kisichoshika kutu.

Kutundika: nje, juu ya mlango mkubwa, katikati, kikitazama kile kinachokusumbua. Ukuta wa tofali za saruji toboa kwa biti ya milimita 6, kina sentimita 4 hadi 5, pulizia vumbi litoke, ndipo uingize plastiki ya kushikia skrubu. Tundu likiishia kwenye plasta tu, kitadondoka na kipande cha ukuta. Hakikisha mbingu imebaki juu, kwani fremu ya pembe nane huzunguka kwa urahisi: skrubu moja haitoshi, weka mbili. Ndani ya nyumba kisiingie, iwe sebuleni au chumbani, kwa sababu huko hakuna sha ya kutawanya, kuna watu.

Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana vumbi la barabara ya changarawe hukifunika kabisa. Kikipata ufa kishushwe siku hiyohiyo, hakihesabiwi tena kuwa kinga. Fundi vioo atakukatia kipande cha bapa, lakini cha kubinuka hawezi kukitengeneza. Ukipata kizuri, nunua viwili.