Kumfundisha mtoto kuhusu mwili wake na balehe: kumwachia somo, au mzazi kuanza mwenyewe mapema?

Pwani tumezoea njia ya kwanza: binti akivunja ungo, anakabidhiwa kwa somo au kungwi, yaani mwanamke mzima wa kufunda wasichana, naye anamfunda. Nzuri yake ni kwamba mtoto anapata mtu mzima wa kumwuliza yale ambayo kwa mama angeona haya. Hilo silidharau hata kidogo. Kasoro yake ni wakati. Balehe ya msichana kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13, na damu ya kwanza haimsubiri somo apange siku. Inaweza kumkuta darasani, akajifunga sweta kiunoni na kubaki kwenye dawati hadi wenzake watoke, akidhani ameumia.

Njia ya pili ni mzazi kuanza kidogo kidogo. Mtoto wa miaka 3, akiogeshwa, anatajiwa viungo vyake kwa majina halisi na kuambiwa asikubali kuchezewa sehemu za siri. Akifika 8 au 9, mama anafungua pedi juu ya kitanda, anamwonyesha upande wa gundi unavyobandikwa kwenye chupi, na kwamba hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Dakika kumi zinatosha.

Mimi nachagua hii ya pili, somo aje baadaye kuongezea. Na wavulana? Siku hizi wengi hutahiriwa hospitali wakiwa wadogo, mafunzo ya jandoni hawayapati. Baba asipomweleza mwanawe kuhusu ndoto nyevu na sauti kuwa nzito, atayasikia kijiweni.